Sensa za gesi za mawimbi ya sauti: maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuziingiza sokoni

Karakana yetu iko Sinza, Dar es Salaam. Kazi inayotulisha ni kukagua na kukalibreti (kulinganisha na kipimo sahihi) vigunduzi vya gesi vya viwandani. Kazi tunayoifanya jioni, wengine wakishafunga maduka, ni hii ya sensa za mawimbi ya sauti. Wanaotuuliza ni wanafunzi wa uhandisi waliokuja kwa mafunzo ya vitendo, mafundi wa Kariakoo, na mara mojamoja mtu mwenye mtaji aliyesikia kwamba kuna chipu inayoweza kunusa. Majibu tumeyaandika kwa urefu pale maswali yanapojirudia zaidi.

Sensa ya mawimbi ya sauti ni kitu gani hasa?

Ni kipande cha fuwele kinachotetemeshwa kwa umeme, kikapakwa juu utando mwembamba unaonyonya mvuke fulani. Mvuke ukiingia kwenye utando, uzito unaongezeka na mtetemo unapungua kasi. Wewe unahesabu mtetemo, na kutokana na hesabu hiyo unajua mvuke ni mwingi kiasi gani.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za aina fulani, kwatsi ikiwemo, zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake nacho ni kweli: ukiipa umeme, fuwele inajikunja. Saa ya ukutani ya kwatsi inaendeshwa na tabia hiyohiyo. Neno "sauti" lisikuchanganye, maana hapa tunazungumzia mitetemo ya mamilioni kwa sekunde, ambayo sikio la mtu haliisikii kabisa.

Inaweza kupima uzito mdogo kiasi gani?

Mwaka 1959 Mjerumani Günter Sauerbrey alitoa kanuni inayounganisha uzito uliotua juu ya fuwele na masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanayopungua. Kwa kanuni hiyo, fuwele ya megahezi 10, ambayo unene wake ni kama milimita 0.17, inashuka kwa hezi 1 (mtetemo mmoja kwa sekunde) ukiiwekea takriban nanogramu 4.4 kwa kila sentimita ya mraba. Punje ya sukari ina uzito unaozidi huo kwa makumi ya maelfu ya mara. Mwaka 1964 William King wa Marekani akaipaka fuwele tando za kunyonya na kuigeuza kuwa kigunduzi cha mvuke. Kwa hiyo wazo la biashara hii limeshapita miaka 60. Ukikutana na mtu anayelinadi kama jambo la jana, muulize anafahamu nini kuhusu hiyo miaka 60.

Kuna aina ngapi?

Kwa anayeanza, zijue mbili. Ya kwanza ni kisahani cha kwatsi kinachotetemeka mwili mzima, ndicho tulichokieleza hapo juu. Ya pili ni ile ambayo wimbi linatambaa juu ya uso tu, kama wimbi la bahari lisilogusa chini. Lord Rayleigh aliandika hesabu za mawimbi hayo mwaka 1885, lakini ilibidi kusubiri hadi 1965, White na Voltmer walipoyazalisha kwa elektrodi zilizopangwa kama meno ya vitana viwili vilivyoingiliana. Mwaka 1979 Wohltjen na Dessy wakaitumia njia hiyo kunusa mvuke. Aina hii ya pili inafanya kazi kwenye megahezi mamia, kwa hiyo inahisi zaidi. Inasumbua zaidi pia, kwa sababu kila kitu kinachogusa uso ule, hata usichokitaka, nacho kinahisiwa.

Naweza kuijaribu mwenyewe bila maabara?

Unaweza, na tunakusihi ujaribu kabla hujaandika mpango wa biashara. Nenda maduka ya vipuri vya elektroniki Kariakoo, nunua kristali (ndiyo fuwele yenyewe) ya megahezi 10 yenye kopo refu la bati. Kata kopo taratibu pembeni karibu na kitako, ukizungusha koleo. Ndani utakuta kisahani cha mviringo kinachopitisha mwanga, katikati kimepakwa doa la fedha kila upande, kimeshikiliwa na vijisimamizi viwili vyembamba. Usikiguse kwa kidole.

Kiunganishe na saketi ya osileta, inayokitetemesha, na kihesabu masafa. Subiri itulie. Kisha ipumulie kwa mbali, kama unavyopumulia miwani: tarakimu za mwisho zinaporomoka, halafu zinapanda tena pole pole unyevu ukikauka. Sasa weka tone dogo sana la silikoni iliyoyeyushwa, liache likauke, na usogeze pamba yenye asetoni ya kufutia rangi ya kucha. Masafa yatashuka na kusimama. Ondoa pamba, yatarudi. Kijana mmoja aliyeliona hilo hapa mezani alinyamaza kama dakika nzima, kisha akasema, "Kaka, kumbe inapumua."

Kama simu zimejaa chipu hizi, mbona sensa zake hazijajaa madukani?

Hili ndilo swali lenyewe. Ni kweli kwamba vichujio vya mawimbi ya uso, vinavyochuja ishara za redio, vimo ndani ya simu za mkononi, na vinatengenezwa kwa mabilioni. Teknolojia ya kuchora vile vitana vya elektrodi imekomaa na bei yake iko chini. Mtu anaangalia hapo na kusema: nusu ya safari imeshakwisha.

Lakini kichujio cha simu kinafungwa. Kikishatengenezwa kinafunikwa kabisa, hakioni vumbi, chumvi wala mvua mpaka simu itupwe. Sensa lazima iachwe wazi, maana isipoguswa na hewa haina kazi. Na hewa inayoigusa ni hii yetu, yenye joto, unyevu, moshi wa magari ya Ubungo na chumvi ya bahari. Kilichofanya chipu hizi ziwe rahisi kwenye simu ndicho tunachokiondoa siku ya kwanza tunapozigeuza kuwa sensa. Anayepanga gharama kwa kuangalia bei ya chipu anasahau dirisha, kichujio cha vumbi, fidia ya joto, utando, na miezi ya kupima. Kwa uzoefu wetu chipu ndiyo sehemu ndogo ya bili.

Unyevunyevu wa Dar unaathiri kiasi gani?

Kuliko kitu kingine chochote. Tuwasimulie lililotukuta. Tuliwahi kufunga vifaa vitatu vya majaribio kwenye stoo ya rangi na viyeyushi, eneo la viwanda kando ya Barabara ya Nyerere. Februari vilifanya kazi vizuri kabisa. Tulimwonyesha meneja grafu, tukapeana mikono. Masika yalipoanza, ving'ora vikalia usiku kucha. Hakukuwa na mvuke wa rangi uliozidi. Maji ya hewani yalikuwa yameingia kwenye utando na uzito ukaongezeka, na sensa ikaeleza kwa uaminifu kile ilichopewa.

Tulipofika asubuhi ya siku ya tatu, mlinzi alikuwa ameshavifunga vyote vitatu kwa kitambaa na soltepu. Hatukumlaumu hata kidogo. Mzee wa watu alikuwa zamu peke yake na kelele zile. Tulichojifunza ni kwamba kuanzia usiku ule stoo haikuwa na ulinzi wowote, na sisi ndio tulioiacha hivyo kwa kuleta kifaa ambacho hatukukijaribu mwezi Aprili.

Tangu hapo tunafanya mambo matatu. Kwanza, kila sensa ina mwenzake: fuwele mbili ubavuni mwa kila mmoja, moja imepakwa utando, nyingine imezibwa au haina utando, na tunasoma tofauti yao. Joto likipanda linazipandia zote mbili. Pili, tunaweka sensa ya unyevu ya kawaida kwenye bodi ileile ili programu ijue maji ni kiasi gani. Tatu, kabla ya kifaa kutoka karakana kinakaa ndani ya chupa yenye unyevu unaojulikana. Wala huhitaji mtambo ghali kwa hilo. Chumvi ya mezani ikichanganywa na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, hewa ya juu yake inatulia kwenye asilimia 75 hivi kwa nyuzi 25. Kloridi ya magnesi inatoa kama asilimia 33. Chupa mbili, siku mbili, na utagundua udhaifu ambao mteja angeugundua kwa hasira.

Na joto?

Inategemea fuwele. Kwatsi iliyokatwa kwa pembe sahihi haibadiliki sana karibu na joto la kawaida la chumba. Lithiamu naiobeti inatoa ishara yenye nguvu zaidi, lakini ile ya mkato unaotumika sana inahama takriban sehemu 75 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Kwenye megahezi 100 hiyo ni hezi 7,500 kwa nyuzi moja tu, wakati mvuke unaoutafuta huenda ukakupa hezi mia chache. Ndiyo maana ile fuwele ya pili haiepukiki.

Nataka kutengeneza king'ora cha gesi ya mtungi cha kuweka jikoni. Teknolojia hii inafaa?

Hapana. Tunajua wengi mnakuja na wazo hili kwa nia njema, hasa baada ya kusikia habari ya mlipuko mtaani. Gesi ya mtungi ni propani na butani. Gesi asilia inayotoka Songo Songo na Mtwara, inayoendesha bajaji na magari ya hapa mjini, ni methani kwa sehemu kubwa. Molekuli hizi ni ndogo na hazipendi kukaa ndani ya utando wa polima, kama ile silikoni. Zinapita tu. Wakati huohuo sensa za chembe ya kichocheo, za oksidi ya bati na za mionzi ya infraredi zinazipima vizuri, na zipo sokoni kwa miaka mingi.

Kwa jikoni, nunua king'ora cha aina hizo chenye ithibati. Kwa gesi ya mtungi kifunge chini karibu na sakafu, kwa kuwa propani na butani ni nzito kuliko hewa na hutuama. Kwa methani kifunge juu. Propani inaanza kuweza kuwaka ikifika kama asilimia 2 ya hewa, methani asilimia 5. Kwenye usalama wa familia za watu hatutaki mtu atumie teknolojia kwa sababu tu anaipenda.

Basi zinafaa kwa nini?

Kwa mvuke mzito wa kemikali za kaboni: toluini, zailini, viyeyushi vya rangi na gundi, mvuke wa mafuta. Hizi zinayeyuka vizuri ndani ya polima na kuondoka zenyewe hewa ikisafika, kwa hiyo sensa inarudi sifuri bila kuchomwa moto. Pia haihitaji hita, hivyo inakula umeme kidogo na inaweza kuishi kwa betri. Fikiria gereji za kupiga rangi magari, ambako kijana anashika bunduki ya rangi kutwa nzima ndani ya kibanda cha mabati bila barakoa inayofaa. Anapoanza kuumwa kichwa anaambiwa anywe maziwa. Kifaa cha kuvaa kifuani, kinachomwambia "toka nje sasa", kingekuwa na maana kubwa kwake. Mwajiri wake atakinunua? Hapo ndipo kazi ilipo, na tutaigusa chini.

Mfano wa pili ni hidrojeni. Ni nyepesi kuliko gesi zote, lakini metali ya paladiamu huinyonya kama sifongo, na tangu miaka ya 1980 watafiti wameipaka kwenye sensa za mawimbi. Vyumba vya betri za asidi, zile zinazoshikilia mitambo umeme unapokatika, hutoa hidrojeni zikichajiwa, na hidrojeni inawaka kuanzia asilimia 4 ya hewa. Vyumba hivyo viko vingi mjini hapa na vingi vina feni tu.

Wanafunzi wanapenda sana wazo la kunusa samaki pale soko la samaki la Feri, kwa sababu samaki anapoharibika hutoa kemikali zenye harufu ziitwazo amini. Ni tasnifu nzuri. Ila kama biashara tunaona ni mapema: soko lina maji, barafu na moshi, na mnunuzi wa Feri anafunua shavu la samaki, anaangalia rangi na jicho, anamaliza.

Vituo vya mafuta je? Tunaweza kupima benzini?

Kwa tahadhari kubwa. Benzini ni kemikali iliyomo ndani ya petroli, na inadhuru damu. Kikomo cha benzini kwa wafanyakazi katika kanuni za kazi za Marekani ni sehemu 1 kwa milioni kwa zamu ya saa 8. Kwenye pampu, benzini imezungukwa na mvuke mwingine mwingi unaofanana nayo, na utando mmoja hauwezi kuzitenganisha. Unaweza kupima mvuke wa petroli kwa jumla na kusema ukweli huo kwenye lebo. Ukiandika "kipima benzini" bila kitenganishi mbele yake, unamdanganya mtu kuhusu damu yake.

Kuna waliowahi kuziuza kweli?

Wapo. Wohltjen tuliyemtaja juu alianzisha kampuni huko Marekani, na vifaa vyao vya mkononi vilitumika kugundua silaha za kemikali. Kampuni nyingine ya California iliuza kifaa kiitwacho zNose: mvuke unapitishwa kwanza kwenye mrija unaozitenganisha kemikali kwa zamu, halafu kila moja inatua juu ya fuwele iliyopozwa, isiyo na utando wowote. Hilo la "isiyo na utando" linafaa kutafakariwa. Waliona utando ndio unaochakaa, wakauondoa, wakaipa kazi ya kuchagua sehemu nyingine ya mashine. Na wote wawili walianza na mnunuzi aliyekuwa tayari kulipa ghali na kuajiri watu wa kuhudumia kifaa.

Je, akili bandia haiwezi kurekebisha makosa ya sensa?

Inasaidia kusoma sensa nne au sita zenye tando tofauti kwa pamoja, na kutambua umbo la harufu. Lakini programu iliyofunzwa kwa data ya kiangazi haijui masika. Kukusanya data ya mwaka mzima ndiko kunakogharimu.

Utando unadumu muda gani?

Ule wa silikoni tunaoutumia unastahimili, ila sifuri inahama: vumbi linatua, mafuta ya jikoni au ya mashine yanajipaka, polima inazeeka. Sensa haifi ghafla. Inapungua kidogokidogo huku taa ya kijani ikiendelea kuwaka, na hilo ndilo la kuogopa. Kwa hiyo tunapaka kwa kupulizia tabaka jembamba huku tukiangalia masafa yakishuka mpaka namba tuliyoichagua, tunaandika namba hiyo kwenye kitako cha kila kifaa, na kila ziara tunailinganisha.

Nani atakalibreti, na mara ngapi?

Wewe uliyeuza. Kama huwezi kurudi kwa mteja na chupa ya gesi ya kipimo, usimuuzie. Tunapendekeza uuze huduma: mteja analipa kwa mwezi, kifaa kinabaki chako, kila baada ya miezi mitatu unakuja na katriji mpya ya sensa, ya zamani unaondoka nayo kuichunguza karakana. Mteja analala vizuri, na wewe unapata data ya hewa halisi ya Dar, ambayo mshindani wa ng'ambo hana. Katika haya yote, hiki ndicho tunachoamini kina thamani zaidi ya chipu.

Chipu zitengenezwe hapahapa?

Kwa sasa nunua fuwele nje. Kupaka utando, bodi, kasha, programu na kalibresheni vifanyike hapa. Si aibu.

Vibali gani vinahitajika?

Anza mapema kuzungumza na TBS, shirika la viwango, kuhusu kiwango kitakachotumika. Kama kifaa kitakaa mahali penye hatari ya mlipuko, mfululizo wa IEC 60079 ndio unaotazamwa kimataifa: kifaa chenyewe kisiwe chanzo cha cheche, na sehemu ya 29-1 inahusu utendaji wa vigunduzi vya gesi zinazowaka. Kama kinarusha taarifa kwa redio, TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kwa matumizi ya kazini, wasikilize watu wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, wanataka rekodi za namna gani, kwa sababu meneja wa kiwanda atakuuliza hilo hilo. Ukija na kifaa kinachomtolea ripoti anayoweza kumwonyesha mkaguzi, umeshamjibu kwa nini alipie.

Nisajili hataza kwanza au nionyeshe kwanza?

Pitia BRELA, wakala wa usajili wa biashara na hataza, kabla hujaweka uvumbuzi wako hadharani, iwe kwenye maonyesho ya Sabasaba au kwenye kikundi cha WhatsApp. Jambo lililokwisha kutangazwa ni vigumu kudai kuwa ni jipya. Na kumbuka kwamba kanuni ya msingi si ya mtu tena. Cha kulinda ni utando wako, kasha lako, au njia yako ya kufidia unyevu.

Nina mtaji. Pesa itarudi baada ya mwaka?

Hatudhani, na ungeambiwa hivyo tungeomba uulize tena. Mwaka wa kwanza unaisha kwa kupima tu: vuli moja, kiangazi kimoja, masika moja. Anayetaka kurudisha haraka aagize vigunduzi vya kawaida na kuvihudumia vizuri; hata hiyo ni kazi ya heshima na inaokoa watu.

Mimi ni mwanafunzi. Nianzie wapi?

Chagua mvuke mmoja na mahali pamoja. Nenda pale kwanza bila kifaa, kaa zamu nzima, uone wanafungua makopo saa ngapi, feni iko wapi, nani anazima king'ora. Kisha njoo na kristali zako mbili na chupa ya chumvi. Tunafungua saa 2 asubuhi, na meza ya dirishani huwa wazi siku ya Jumamosi. Ukija Aprili, ni vizuri zaidi.